Tusipoziba Ufa: Funzo la Visiwa vya Komoro

Tarehe 6 Julai ya kila mwaka, siku moja kabla ya Saba Saba yetu, wananchi wa visiwa vya Komoro huadhimisha siku waliyojitangazia uhuru katika mwaka 1975. Hapa Kambarage siku hiyo hupita kimya. Bahari iko mbali nasi. Tuyajuayo ni majaruba ya mpunga, mashamba ya pamba, na machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita. Hata hivyo tunathubutu kusema kwamba historia ya visiwa hivyo vidogo inatuhusu sana sisi tunaoishi juu ya mali inayotamaniwa na walimwengu.

Komoro ni visiwa vinne vilivyo kati ya Msumbiji na Madagaska: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, ambacho Wafaransa wanakiita Mayotte. Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili. Msahafu waliofundishwa chuoni ndio tuliofundishwa sisi, na Unguja zimo koo nyingi zenye asili ya Ngazija. Hawa si watu baki kwetu.

Tarehe 22 Desemba 1974 wananchi wa visiwa vyote vinne walipiga kura. Karibu asilimia 95 walitaka uhuru. Katika Maore peke yake walio wengi walisema hapana. Kanuni ya Afrika huru, iliyopitishwa na wakuu wa nchi wa OAU mjini Cairo mwaka 1964 kwa juhudi za Mwalimu Nyerere, ni kwamba koloni hujitawala likiwa na mipaka ile ile liliyorithi. Bunge la Ufaransa halikuijali kanuni hiyo. Lilitaka hesabu ifanywe kisiwa kwa kisiwa. Rais Ahmed Abdallah hakungoja, akatangaza uhuru wa visiwa vyote vinne. Mwezi Novemba 1975 Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro ikiwa nchi ya visiwa vinne. Jambo hilo lilipofikishwa mbele ya Baraza la Usalama mwezi Februari 1976, Ufaransa ilitumia kura ya turufu. Maore ikabaki mikononi mwake, na tangu Machi 2011 imefanywa kuwa mkoa kamili wa Ufaransa.

Huo ni ubeberu, wala hatuna jina jingine la kuupa. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya kweli tu. Msomaji makini atauliza: kwa nini watu wa Maore walikataa kwenda pamoja na ndugu zao? Jibu moja linapatikana katika uamuzi wa kiserikali uliofanywa kabla ya uhuru. Makao makuu ya visiwa yalikuwa Dzaoudzi, huko huko Maore. Mwaka 1958 ikaamuliwa yahamishiwe Moroni, katika kisiwa cha Ngazija. Kazi zikahama, biashara ikahama, na watu wa Maore wakajiona wameachwa ukiwa. Wanasiasa waliotaka kubaki na Ufaransa hawakuhitaji kubuni manung'uniko, kwa sababu waliyakuta tayari. Mkoloni alipita katika ufa ambao wenyeji hawakuuziba.

Ufa wa pili ulikuwa wa namna nyingine. Baada ya kutangazwa uhuru, Ufaransa iliondoa wataalamu wake na msaada wake, ikiwaacha Wakomoro na ofisi tupu. Abdallah akapinduliwa tarehe 3 Agosti 1975, na kufikia Januari 1976 uongozi wa nchi ukawa mikononi mwa Ali Soilih, mtaalamu wa kilimo. Mambo aliyoyataka yalikuwa ya haki: nchi ijilishe, madaraka yashuke kutoka Moroni mpaka kwenye vituo vya wilaya vilivyoitwa mudiria, vijana washirikishwe, na harusi kubwa za kifahari zilizokuwa zikiwafilisi watu zidhibitiwe. Tanzania ilimuunga mkono na kumpelekea wakufunzi wa kijeshi.

Misiba nayo haikumpa nafasi. Mwezi Desemba 1976 mamia ya Wakomoro waliuawa katika mji wa Mahajanga, Madagaska, na maelfu wakarudishwa nyumbani mikono mitupu. Mwezi Aprili 1977 mlima Karthala ulilipuka na kukiangamiza kijiji cha Singani. Hata serikali yenye hazina iliyojaa ingeelemewa.

Lakini Soilih naye alikosea, na ni wajibu wetu kulisema hilo bila woga. Mwaka 1977 aliwaachisha kazi maelfu ya watumishi wa serikali na kuzitia moto kumbukumbu za nchi. Vijana wadogo wakapewa mamlaka juu ya wazee wao, na baadhi yao wakayatumia kuwadhalilisha watu wazima na kuyavunjia heshima mambo ya dini. Mkulima aliyeahidiwa ukombozi akajikuta anamwogopa mtoto wa jirani yake. Siasa nzuri ikapoteza wenyewe.

Matokeo yake yalionekana usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1978. Mamluki wapatao hamsini, wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard, walishuka pwani kutoka katika meli na kuiteka serikali kabla ya kupambazuka. Wananchi hawakumiminika kuitetea, wengine walishangilia. Kabla mwezi huo haujamalizika Soilih alikuwa ameuawa. Watu hamsini hawawezi kuiteka nchi ambayo watu wake wanaihesabu kuwa mali yao. Waliweza kwa sababu walioonewa na serikali yao wenyewe walibaki majumbani.

Gharama ya usiku huo ililipwa kwa miaka mingi. Abdallah alirudishwa madarakani, lakini ulinzi wake ukawa chini ya mamluki. Ndiyo sababu mwezi Julai 1978 wajumbe wa Komoro walifukuzwa katika mkutano wa OAU mjini Khartoum. Kikosi cha ulinzi wa Rais kilikuja kugharimiwa na Makaburu wa Afrika Kusini, ambao waliigeuza nchi ya Waislamu masikini kuwa kichochoro cha kukwepea vikwazo na kuwasaidia wahujumu wa Msumbiji. Mwezi Novemba 1989 Abdallah alipigwa risasi na kufa katika ikulu yake mwenyewe, Denard akiwa humo humo. Denard alishtakiwa mjini Paris mwaka 1999 na kuachiwa huru. Anayemkodi fisi kulinda zizi asishangae kondoo wakipungua.

Ufa wa tatu ulifunguka mwaka 1997. Watu wa Nzwani, wakilalamika kwamba Moroni inakula peke yake na kwamba mishahara hailipwi, walijitangazia kujitenga. Wengine walipandisha bendera ya Ufaransa na kuomba kutawaliwa tena! Ndugu msomaji, tusiwacheke. Mtu hafiki mahali pa kumlilia bwana wake wa zamani mpaka awe ameonja dharau ya ndugu yake. Wakomoro walijirekebisha kwa katiba ya mwaka 2001, iliyoweka utaratibu wa visiwa kupokezana urais. Kanali Mohamed Bacar alipong'ang'ania madaraka huko Nzwani, majeshi ya Umoja wa Afrika, yakiwamo ya Tanzania, yalimwondoa tarehe 25 Machi 2008. Vijana wetu walikwenda kuitetea mipaka iliyokubaliwa Cairo. Hata hivyo, askari anaweza kumwondoa mwasi, lakini hawezi kuligawa bakuli la taifa kwa haki. Kazi hiyo ni ya serikali yenyewe.

Leo maisha yanasemaje? Komoro huuza nje vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi, mazao ya kunukisha na kukoleza meza za wengine, kisha hununua mchele kutoka ng'ambo ili watu wake wale. Fedha yake imefungwa kwa kipimo maalumu kwenye fedha ya Ulaya chini ya mapatano na Ufaransa ya mwaka 1979, na sehemu kubwa ya akiba yake huwekwa katika hazina ya Ufaransa. Utaratibu huo umewapa fedha isiyoyumba, jambo lisilo dogo kwa mnunuzi wa mchele. Lakini umewanyima uwezo wa kuamua wenyewe bei ya jasho lao.

Na kati ya Nzwani na Maore, mwendo wa kilometa zipatazo 70, bahari imekuwa makaburi. Tangu mwaka 1995, Ufaransa ilipowawekea Wakomoro sharti la viza ili waingie Maore, watu huvuka usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwasakwasa, wakitafuta hospitali, shule na kibarua. Maelfu wamezama. Mama aliyezaliwa kisiwa kimoja huitwa mgeni haramu katika kisiwa alikozaliwa shangazi yake. Aliyechora mstari huo juu ya maji ni Ufaransa, na lawama hiyo haihamishiki. Lakini mama huyo asingepanda mashua kama dawa ingalikuwapo katika zahanati ya kijiji chake.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatukukosa juhudi. Juni 1966 tulianzisha Benki Kuu yetu na kutoa shilingi yetu wenyewe. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitufundisha kwamba fedha za wageni si msingi wa maendeleo. Mwaka 2017, baada ya mchanga wa dhahabu wa Bulyanhulu na Buzwagi kuzuiwa bandarini, Bunge lilitunga sheria ya mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya mali asili zake, na baadaye ikaundwa kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Mwezi Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita ili mchimbaji mdogo auze mbele ya mizani ya halali. Hizo ni hatua za nchi inayojua thamani ya kilicho chake.

Lakini sheria ya kumzuia mgeni asituibie ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba mwenyeji anaona faida ya kilichozuiliwa. Kijiji kilicho chini ya kilima cha mgodi, kinachosikia baruti kila siku na kuchota maji mbali, hakiwezi kula hotuba juu ya mamlaka ya nchi. Migodi hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri, na sheria inaitaka kampuni ipange pamoja na halmashauri namna ya kuwahudumia wananchi wanaoizunguka. Basi fedha hizo zisomwe hadharani. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni na kuelezwa katika mkutano wa kijiji, shilingi kwa shilingi, kwa lugha ambayo mama muuza mboga anaielewa. Diwani anayekwepa mkutano huo, na mtendaji anayeficha daftari, wanafanya kazi ya mamluki bila kushika bunduki.

Vivyo hivyo kwa mpunga wetu na pamba yetu. Mkoa unaolima mchele usifikie mahali pa kungoja meli. Mkulima wa pamba asikopwe mazao yake na kuambiwa avumilie kwa sababu ya taifa, kwani yeye ndiye taifa lenyewe. Serikali inayomlipa kwa wakati inajijengea ukuta ambao hakuna meli ya usiku itakayoubomoa.

Wakomoro tunawatakia heri, na tunaendelea kusema kwamba Maore ni sehemu ya Komoro kama Umoja wa Mataifa ulivyoamua. Haki hiyo haifi kwa kupita miaka. Lakini siku ambayo kijana wa Maore atatazama Nzwani na kuona hospitali yenye dawa, shule yenye mwalimu na mshahara unaolipwa mwisho wa mwezi, siku hiyo hoja ya mkoloni itakuwa imekwisha bila kura ya turufu kuhesabiwa. Nasi wa Shinyanga na Geita tuna nyufa zetu, zinazoonekana kwa macho katika kila kijiji chenye mgodi na kiu. Tuanze kuziba sasa, wakati udongo ungali mbichi.