Silva Imepanda, Lakini Utaiuzia Nani? Soma Hii Kabla Uweke Chapaa Yako

Kuna story imeshika kwa magrupu ya WhatsApp na huko TikTok: dhahabu ni ya masonko, sisi wengine tununue silva. Na si story za jaba. Oktoba 2025 bei ya silva ilipita dola 50 kwa aunsi, ikavunja rekodi iliyokuwa imekaa tangu Januari 1980. Kitu kikipanda hivyo, kila msee ghafla ni mtaalam. Wacha tubonge basi vile hii kitu hufanya kazi, hasa kwa mtu anakaa Umoja ama Kayole na anaweka akiba ya thao mbili tatu kwa mwezi.

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili sanifu silva ni fedha, neno lile lile la pesa, na hiyo si ajali. Kule pwani watu walilipana kwa sarafu za Maria Theresa, zile wazee waliita riale, na kwa rupia za India. Zote zilikuwa silva. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza 1921, robo yake ilikuwa silva, karibu gramu mbili kwa kila sarafu. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaitoa, na zile za kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tu. So kama guka aliacha kopo la shilingi za zamani, angalia mwaka kabla uwapee watoto wachezee.

Lakini leo silva si pesa. Ingia na kipande chake kwa supa uone kama utapata hata mkate. Lazima upate mtu wa kuinunua, na hapo ndipo wengi huumia.

Hesabu kwanza. Bei ya silva duniani hutajwa kwa aunsi, na aunsi ya madini ni gramu 31.1, si ile ya kupima unga. Tuseme bei ni dola 50 na dola moja ni shilingi 129. Aunsi inakuwa 6,450, yaani kama bob 207 kwa gramu. Hiyo bei ya gramu ndiyo silaha yako. Piga upya hiyo siku unaenda kununua, juu inabadilika kila saa.

Sasa ingia duka la vito tao, uone cheni ya gramu 20 imepigwa muhuri wa 925. Muhuri unasema kwa kila gramu 1,000 za hiyo cheni, 925 ni silva, na iliyobaki mara nyingi ni shaba ya kuipa ugumu. So kwa cheni yako kuna gramu 18.5 za silva, kama 3,800 hivi. Kama bei kwa kioo ni 9,000, zile 5,200 zingine ni za fundi, rent ya duka na faida. Hakuna mtu amekuibia. Umenunua urembo, na urembo uko na bei yake. Pete za Lamu, zile zinawekwa vipande vya sahani za kale, ni kali na mtu akinunua avae sina shida. Shida ni kuambiwa hiyo cheni ni investment. Siku umekwama na landlord anabisha, sonara atakupimia silva peke yake, na bado atabakisha ya kwake.

Ukitaka silva ya akiba kweli, unatafuta sarafu ama vipande vya 999, vile havina urembo mwingi. Hivyo hapa Kenya si vitu vya kupata kila kona. Wengi huagiza nje, so kwa bei ya silva unaongeza faida ya muuzaji, usafiri, bima, na chochote kitadaiwa ikifika JKIA. Chukua mfano rahisi. Umelipa asilimia 20 juu ya bei ya soko. Ukiuza, mnunuzi anakupea asilimia 10 chini ya soko. Ili tu urudishe doo yako, bila hata senti ya faida, bei ya silva lazima ipande kwa theluthi moja. Wale wa TikTok hukuonyesha chati ya bei. Hiyo shimo katikati ya kununua na kuuza hawaionyeshi.

Halafu kuna shilingi. Watu husahau hii kabisa. Silva inauzwa kwa dola, so wewe Mkenya unacheza mechi mbili kwa wakati mmoja. Kumbuka mwisho wa Januari 2024: dola ilikuwa imefika karibu 160, na aunsi ya silva ilikuwa karibu dola 23. Hiyo ni kama 3,680. Kufika mwisho wa mwaka huo silva ilikuwa imepanda hadi karibu dola 29. Asilimia 26, si mbaya! Lakini shilingi nayo ilikuwa imepata nguvu, dola iko 129. Zidisha: 3,741. Mwaka karibu mzima, na umepata bob 60 kwa aunsi. Mwanzo wa mwaka huo huo T-bill za siku 91 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16 kwa mwaka, na msee aliyetulia tu kwa MMF yake alikuacha mbali.

Ukweli pia ni kuwa 2025 meza ilipinduka. Shilingi ilikaa pale pale kwa 129, silva ikaruka kutoka 29 hadi juu ya 50. Aliyekuwa ameshikilia aliomoka. Sasa uliza kama angeweza kungoja hiyo miezi yote bila kuuza juu ya school fees ama ndugu ako hosi. Silva hailipi interest, hailipi dividend. Inakaa tu. Kama hauna akiba ya dharura, itakulazimisha kuuza siku mbaya, na siku mbaya ndiyo bei ya sonara huwa mbaya zaidi.

Kwa nini inaruka hivyo? Zaidi ya nusu ya silva hutumika viwandani: paneli za sola, simu, magari ya umeme. Na sehemu kubwa haichimbwi kama silva, inatoka tu pamoja na shaba, risasi, zinki na dhahabu. Bei ikipanda, mwenye mgodi wa shaba hawezi amka kesho aongeze silva. Soko lenyewe pia ni dogo kuliko la dhahabu, so pesa kubwa ikiingia ama ikitoka, inatingika. Ndugu wawili wa Texas, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walijaribu kununua silva ya dunia nzima. Januari 1980 bei ikafika karibu dola 50. Tarehe 27 Machi mwaka huo ilikuwa chini ya 11. Aliyenunua kule juu alingoja miaka 45 kuona hiyo bei ikipitwa, na kumbuka dola 50 za 1980 zilikuwa pesa kuliko dola 50 za leo.

Kuna njia zingine, na moja nataka uichunge sana. Ukifungua app ya forex uone XAG/USD, hiyo si kununua silva. Ni kubet juu ya bei, tena kwa pesa ya kukopeshwa na broka. Kama broka anakuzidishia mara 100, bei ikienda asilimia 1 upande mbaya, deposit yako imeisha, na silva huenda asilimia 1 kabla umalize chai ya saa nne. Kama lazima ucheze, angalau hakikisha broka ako na leseni ya CMA. Kwa soko la hisa la Nairobi kuna ETF ya dhahabu, NewGold, tangu 2017. Hiyo ni dhahabu lakini, si silva. ETF za silva kama SLV ziko Marekani, na unahitaji akaunti ya huko pamoja na gharama zake.

Umeamua kununua kipande cha mkono? Kipime. Muhuri wa 999 mtu yeyote na nyundo anaweza kuupiga, na huu mji umejaa wash wash. Leta sumaku: silva haivutwi. Lakini shaba pia haivutwi, so usiishie hapo. Chukua mizani ndogo ya dijitali, weka glasi ya maji juu yake, irudishe sifuri. Funga sarafu na uzi, izamishe bila kugusa chini ya glasi. Sarafu ya gramu 31.1 ya silva safi itaonyesha karibu 3. Ikionyesha 3.6, hiyo ni shaba na zinki imevaa suti. Na ukisikia "German silver" toroka, ndani yake hakuna hata tone la silva.

Kuhifadhi pia ni kazi. Kwa bei tuliyotumia, kilo moja ni kama 207,000, kitu cha ukubwa wa simu chenye uzito wa pakiti ya sukari. Itakuwa nyeusi ikikaa, juu ya salfa kwa hewa. Haijaharibika, na usiisugue na steelwool. Usipost. Kwa keja ya mlango mmoja, jirani akijua ni mtaa mzima umejua.

Na kabla utoe hata thao moja, tembelea masonara watatu na uwaulize swali moja tu: leo nikikuletea silva ya 999, utaninunulia gramu kwa ngapi? Andika majibu yao, ulinganishe na ile bei ya gramu uliyopiga mwenyewe asubuhi.