"Overfamiliar": Mtu anapokuzoea kupita kiasi

Tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza kinazidi kutukaribia. Wachuuzi wa Butembo wanaopita Kasindi kwenda Kampala wanakihitaji, na vijana wa Beni wanaotafuta kazi kwenye mashirika vilevile. Leo tunaeleza neno moja: "overfamiliar". Linasomwa "ovafamilia".

Linasemwa juu ya mtu anayejifanya kuwa karibu na wewe kuliko ulivyomruhusu. Kwetu mtu anasema: "Weye unanizoea sana!" Kwa Kifaransa ni "trop familier".

Mfano: mteja anaingia dukani mara ya kwanza. Anamwita muuzaji "chérie", anamshika bega, anamuuliza bwana yake anapata pesa ngapi. Hakuiba, hakutukana, lakini amevuka mpaka. Mtu huyo ni "overfamiliar". Kuita mama au papa mtu usiyemjua, hapa kwetu ni heshima tu.

Ndugu wasomaji, muangalie makosa mawili.

La kwanza ni la barua ya kuomba kazi. Ukitaka kusema unajua kompyuta vizuri, andika "very familiar with computers". Ukiweka "overfamiliar", mwenye kusoma atashangaa.

La pili ni zito. Tunakumbuka Ebola ya 2018 mpaka 2020. Tarehe 28 Septemba 2021, tume iliyoundwa na OMS, ambayo Mkongomani mwenzetu Julienne Lusenge alikuwa mmoja wa wenyeviti wake wawili, ilitoa ripoti yake. Ilitaja watu 83 wanaoshukiwa, na kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na OMS. Wanawake walieleza namna walivyoahidiwa kazi ikiwa watakubali kulala na wakubwa.

Jambo sawa hilo haliitwi "overfamiliar". Linaitwa "sexual exploitation", maana yake unyonyaji wa kingono. Ukiandika malalamiko kwa Kiingereza na kutumia neno jepesi, anayeyapokea anaweza kufikiri shefu alikuwa anatania tu. Eleza wazi alichokuomba na alichokuahidi.

Basi, "overfamiliar" ni la yule ambaye ukimwambia "tuongee kazi, tusizoeane hivyo", anaomba msamaha na kurudi nyuma. Akikuomba mwili ili upate mkate, neno ni lingine, na kosa ni lake, siyo lako.