Nairobi hadi Lamu: Saa Moja na Robo Angani, Lakini Pesa Inatoka Kabla ya Kupaa

Kwa mstari mnyoofu, Nairobi hadi Lamu ni kama kilomita 465. Kwa barabara kupitia Mombasa na Malindi unapita 800, kwa sababu unashuka kwanza hadi baharini, halafu unafuata pwani kuelekea kaskazini mpaka jeti ya Mokowe. Na hapo bado hujafika kisiwani! Ndiyo maana mtu mwenye likizo ya siku tatu nne anaangalia ndege, ambayo huchukua saa moja na robo hivi. Ikitua Malindi njiani, ongeza muda.

Hiyo ni ya angani tu. Soma tiketi uone kama unaondokea Wilson au JKIA, maana ukikosea kiwanja, foleni za Nairobi hazitakungoja. Ukifika, ndege inatua Manda, kisiwa jirani, kisha unavuka kwa boti kama dakika kumi hadi mji wa Lamu.

Sasa tuongee pesa. Tiketi hulipiwa mapema, na matapeli wanajua hivyo. Likizo ikikaribia, kurasa za ofa hujaa mitandaoni: bei nusu, zimebaki siti mbili, tuma sasa hivi. Ukikubali hiyo presha umeisha. Ukiweka nambari ya kulipia, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Lisome kabla ya kuthibitisha. Ukiona jina la mtu badala ya kampuni, simama. Tunajua wapo maajenti waaminifu wanaotumia laini zao binafsi, lakini sisi tungependa ulipe kwa nambari ya biashara iliyo kwenye tovuti ya shirika lenyewe la ndege.

Kuna ujanja mwingine ambao huwapata hata watu makini. Ajenti anakutumia kodi ya herufi na tarakimu sita. Unaiingiza kwenye tovuti ya shirika pamoja na jina lako la ukoo, na kweli safari inatokea. Unatulia, unatuma pesa. Kumbe siti imeshikiliwa tu, haijalipiwa, na muda ukiisha inafutwa yenyewe. Kwa hivyo usiulize tu kama jina lako lipo. Piga simu kwa shirika, kwa namba uliyoitafuta wewe, uulize: tiketi hii imelipiwa au imeshikiliwa? Ni simu ya dakika mbili.

Ukishatuma na ukashtuka baadaye, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi. Usianze kwa kubembelezana na tapeli kwenye simu, kwa sababu akishatoa pesa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu mno.

Yakikunyookea, panga pia za njiani. Ndege ndogo nyingi huruhusu mzigo wa kilo 15, na ziada inalipiwa. Nauli ya boti elewaneni kabla ya kupanda, si katikati ya maji. Vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari, kwa hivyo mzigo mzito utabebwa na mkokoteni au punda. Weka noti ndogo ndogo mfukoni kwa ajili ya hayo, na uchaji simu kabla ya kutoka nyumbani, maana salio lililo kwenye simu iliyozima halilipi boti.