‘Tumemsajili!’ Nafsi na njeo katika gumzo la mashabiki wakati mpira umelala

Julai 2025 nilikuwa nyumbani Lamu, likizoni. Huo ni mwezi wa kusi. Bahari huchafuka, mashua ndogo haziendi mbali, watalii huwa wachache, na vijana wanaotegemea samaki na wageni hushinda barazani. Ni mwezi pia usio na mpira. Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa imekwisha tarehe 25 Mei na haikutarajiwa kuanza tena hadi 15 Agosti. Mtu angedhani kwamba barazani pangekuwa kimya. Thubutu! Sijapata kusikia watu wakiuzungumza mpira kama wanavyouzungumza wakati hauchezwi.

Baraza ninalokaa baada ya Isha liko upande wa Langoni. Muuza kahawa hupita na dele lake, wazee hunywa kidogo na kuondoka, vijana hubaki. Usiku mmoja kijana mmoja alifika mbio, simu mkononi.

“Tumemsajili!”

“Mumemsajili nani, mwanangu?” nikamuuliza.

“Gyökeres, Prof. Katoka Sporting. Mwaka uyao hawa hawatupati!”

“Hawa” walikuwa wenzake wawili, mashabiki wa Liverpool, waliokuwa wameketi pembeni wakijifanya hawasikii. Kijana mwenyewe ni mvuvi. London hajafika, na London haina habari naye. Lakini alisema tu-, na hakuna aliyemshangaa isipokuwa mimi. Nilipofika nyumbani nikatoa daftari.

Tuanze na sarufi. Kitenzi cha Kiswahili hakisimami hivi hivi. Kwa kawaida lazima kibebe kiambishi kinachomwonyesha mtenda. Kwa hiyo anayetaka kutoa habari hii ya usajili hana budi kuchagua. Gazeti litaandika “Arsenal imemsajili”, kwa upatanisho wa ngeli ya i-zi, kana kwamba klabu ni kitu, kama benki au shule. Shabiki wa timu nyingine atasema “Arsenal wamemsajili”: sasa klabu ni watu, ila watu wengine. Akimgeukia jirani yake amchokoze atasema “mumemsajili” (walimu wangependa “mmemsajili”, lakini barazani hapasahihishwi mitihani). Na mwenye timu atasema “tumemsajili”. Tukio ni moja, mchezaji ni mmoja, viambishi ni vinne. Kila kimoja kinaeleza mahali aliposimama msemaji kabla hajaeleza lolote kuhusu mchezaji.

Jambo hili halikuanza Lamu. Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu na timu za vyuo vyao. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kubebwa mkononi, ambao kule hujaza viwanja vya watu zaidi ya 100,000, na mashabiki wake nao, ligi ikifungwa, hukesha wakibishana ni muungano upi wa vyuo ulio na nguvu na ni chuo kipi kitahama kwenda wapi. Watafiti waliwapigia wanafunzi simu na kuwaomba waeleze matokeo ya mechi fulani ya chuo chao. Wenye kueleza ushindi walisema “sisi” zaidi ya wenye kueleza mechi ambayo timu yao haikushinda. Kilichonigusa zaidi ni hiki: kabla ya kuulizwa habari ya mechi, wanafunzi walipewa maswali machache, kisha wengine wakaambiwa wamefanya vizuri na wengine wakaambiwa wamefanya vibaya. Ni hawa wa pili waliong’ang’ania “sisi” wa ushindi kuliko wenzao.

Sitaki kumpima kijana wangu mvuvi kwa mizani ya Arizona. Hata hivyo, mwezi ambao bahari imefungwa na mfuko umekauka, “tumemsajili” ni neno lenye utamu wake.

Nafsi ni upande mmoja tu wa gumzo hili. Njeo nazo hubadilika. Msimu ukiwa umepamba moto, vitenzi vya shabiki ni vya -li- na -me-: tulifunga, wametoka sare, tumepigwa tatu. Mambo yameshatendeka na ubishi una mpaka wake. Ligi ikifungwa, lugha yote huhamia kwenye -ta-, -nge- na -ngali-. Hapo msomaji, ukiwa mwalimu wa Kiswahili, keti uandike mifano. Nilimsikia mmoja akisema: “Tungalimnunua huyu Januari, saa hizi tungekuwa na kombe.”

Kwa kanuni tunazofundisha, amekosea. Tunawaambia wanafunzi kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado linaweza kutokea, -ngali- ni ya jambo ambalo wakati wake umekwisha, na kwamba viwili hivi visichanganywe katika sentensi moja. Mimi mwenyewe nimekata alama kwa kosa hili kwa zaidi ya miaka 30. Lakini hebu mtazame msemaji anachokisema. Sharti lake limekwisha pita, maana Januari hairudi. Tokeo lake analiweka “saa hizi”, yaani sasa, barazani, mbele ya hawa wa Liverpool ambao ndio waliokuwa wameubeba ubingwa. Amechanganya kwa sababu nyakati zake ni mbili. Kanuni yetu haina nafasi ya sentensi ya namna hiyo, na baraza linayo. Siku hizi kalamu yangu nyekundu huzubaa kidogo nikifika hapo.

Na kama kuna mtu anayestahili kupewa -ngali- bila masharti ni shabiki wa Arsenal wa Julai ile. Timu yake ilikuwa imemaliza ya pili misimu mitatu mfululizo, na kombe la ligi walikuwa hawajaligusa tangu 2004. Ndiyo maana “mwaka uyao”, ambao kwa Kiswahili sanifu ni “mwaka ujao”, niliusikia mara nyingi kuliko jina la mchezaji yeyote.

Hapo pana jambo jingine la kufurahisha. Kijana anaposoma habari kwenye simu, husoma Kiswahili sanifu: “mchezaji”, “kucheza”, “jana”. Ubishi ukishakolea, Kiamu hurudi chenyewe: “Yule hatezi tena, umri umemwendea!” Kuteza ndiko kucheza, yana ndiyo jana, na hakuna anayehisi kwamba amevuka kutoka lahaja moja hadi nyingine. Nimewahi kuwasikia wenzangu wakilalamika kwamba kandanda ya Ulaya inaua lahaja za pwani. Mimi nimeona majina ya kigeni yakiingia Kiamu na kukaa kama wageni wengine wote waliowahi kuteremka gatini hapa.

Kuhusu msamiati, nitapita haraka. Magazeti na redio zetu hueleza usajili kwa vitenzi vya uwindaji. Klabu “inamnyemelea” mchezaji, “inammezea mate”, “inamvizia”, mwisho “inamnasa”. Wavuvi waliongeza vya kwao. Klabu moja ilipotajwa kuwa imetoa pesa kidogo, mmoja alisema, “Chambo hicho si cha samaki yule.” Na kwa kuwa habari nyingi za wakati huo ni fununu (Watanzania huita tetesi), kila sentensi hutanguliwa na “ati”. “Ati wanamuuza.” Neno hili dogo hufanya kazi kubwa: humwezesha msemaji kuleta habari bila kuidhamini. Habari ikithibitika, “ati” hutoweka na tu- huingia. Ikiwa ya uongo, msemaji hana deni na mtu.

Huenda msomaji akauliza kama haya yote ni mapya. Majibizano ya kujigamba na kukejeli kwa niaba ya upande wako ni mali ya zamani hapa kwetu. Vita vya Kuduhu, vilivyopiganwa Shela mwanzoni mwa karne ya 19 baina ya Lamu na majirani zake wa Pate na Mombasa, vilitanguliwa na kufuatwa na mashairi. Muyaka bin Haji alitunga kwa upande wa Mombasa, na Bwana Zahidi Mngumi akajibu kwa upande wa Lamu. Mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya mashairi ya vita hivyo na kuyachapisha. Tofauti ni kwamba “sisi” ya Zahidi ilikuwa ya watu waliosimama ufuoni wakingoja majahazi ya adui. Aliyeitamka alijua kwamba huenda akaifia.

Sasa nirudi barazani, kwa sababu Agosti ilileta mtihani mzuri kuliko ambao ningeutunga mimi. Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja michuano ya CHAN, na Harambee Stars walishiriki kwa mara ya kwanza. Kwa kawaida timu ya taifa huzungumziwa kwetu kwa wa-: wamefungwa tena, hawana kocha, wale wa Nairobi. Tarehe 10 Agosti Kenya iliifunga Morocco 1-0. Usiku huo sikusikia wa- hata moja. “Tumewafunga Waarabu!” walipiga kelele vijana ambao nusu yao wana babu kutoka Hadhramaut. Siku kumi na mbili baadaye, katika robo fainali dhidi ya Madagascar, Kenya ilitangulia kufunga, ikasawazishiwa, ikatolewa kwa penalti. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilimsikia mtu akimweleza mwenzake: “Tulitangulia sisi, kisha wakakosa penalti.” Nafsi mbili, sentensi moja, na timu ni ile ile. Cialdini angeilipia pesa.

Ningeishia hapo kama si kijana wa dadangu. Yeye huchezea timu ya mtaa, winga wa kushoto. Baada ya Idi walivuka kwa mashua kwenda kucheza kisiwa cha pili, akaumia goti, na tangu hapo anachechemea. Yeye pia hukaa barazani, lakini ni msikilizaji zaidi. Usiku mmoja tukirudi pamoja akaniambia, “Mjomba, umewasikia? Goti la mtu wa London walijua mshipa kwa mshipa, na siku atakayorudi uwanjani waijua. La kwangu hakuna aliyeniuliza.”

Nikalifungua daftari langu upya kutazama. Ni kweli. Timu ya mtaa ilitajwa mara chache katika wiki zile, na kila ilipotajwa ilikuwa kwa wa-: “walifungwa”, “hawana jezi”, “watafute kocha”. Walioyasema hayo wanaishi hatua chache kutoka mlango wa mlinda lango. Wawili kati yao waliwahi kuichezea timu hiyo. Mashabiki wa London walikuwa wamepewa tu-, na timu ambayo jezi zake huanikwa juu ya vichwa vyetu imepewa nafsi ya tatu.

Nilikosea nikawasomea. Profesa haachi kazi yake hata likizoni. Niliwaeleza mambo ya viambishi, wa- na tu-, Morocco na Madagascar, na wakanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha yule mvuvi wa Arsenal, ambaye hakosi neno, akamgeukia mpwa wangu na kumpigia saluti.

“Haya, winga. Goti letu laendeleaje?”

Baraza likaangua kicheko. Mpwa wangu naye akacheka, akalikunjua goti polepole, akalitazama.

“Letu?” akasema. “Mbona basi daktari nimemlipa peke yangu?”