BISI ZA MAIKROWEVU: NI KWELI ZINAUA MAPAFU?

Muhula uliopita nilikuwa Iringa, kwenye shule moja ya sekondari, tukifungua sanduku la maswali. Unalijua lile sanduku: unaandika swali kwenye kikaratasi, huweki jina, unatumbukiza. Mengi huwa ni yale yale ya hedhi, chunusi na wapenzi. Safari hii kikatoka kimoja hivi:

“Dada, baba mdogo ametuletea maikrowevu kutoka Dar. Kila jioni tunapika bisi za pakti. Rafiki yangu amesoma kwenye simu kwamba bisi hizo zinaharibu mapafu na kuleta kansa. Mama amesema ni uongo wa watu. Je, tutakufa?”

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka sana, maana swali lilinibana. Nikaomba wiki moja nikasome. Nilichokikuta ni hiki, na ninyi wa Mbeya, Mafinga na kwingineko msikie.

BISI NI NINI HASA?

Za kwetu tunazijua. Ukishuka stendi ya Ipogoro, au ukipita Mwanjelwa jioni, utamkuta jamaa na sanduku lake la kioo. Ndani ya kila punje ya bisi kuna maji kidogo, kama asilimia 14 ya uzito wake, yamefungwa na ganda gumu. Punje ikifika nyuzi joto 180 hivi, yale maji yamekuwa mvuke, ganda linashindwa kuuzuia, pwaa! Mahindi ya kawaida ya ugali hayapasuki vizuri namna hiyo kwa sababu ganda lake halina nguvu ya kubana mvuke.

Bisi za pakti ni mahindi hayo hayo, lakini yamewekwa ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na mafuta, chumvi na mara nyingi ladha ya siagi ya kutengenezwa kiwandani. Unauingiza mfuko kwenye maikrowevu, dakika tatu, kazi imekwisha.

Wengi wanadhani mwenye kosa ni maikrowevu yenyewe, eti “mionzi” inabaki kwenye chakula. Hapana. Mawimbi yake yanayatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula mpaka yanapata moto. Ukizima, mawimbi yamekwisha, kama taa ikizimwa mwanga haubaki ukutani. Muhimu mlango ufunge vizuri na usiwe umepinda. Basi, hapo tumemaliza.

KISA CHA KIWANDA CHA MISSOURI

Uvumi wa mapafu haukutoka hewani. Mwezi Mei 2000, daktari mmoja katika jimbo la Missouri, Marekani, aliiarifu idara ya afya ya jimbo kwamba kuna watu 8 wenye ugonjwa mbaya wa mapafu, na wote waliwahi kufanya kazi kiwanda kimoja: kiwanda cha bisi za maikrowevu katika mji mdogo wa Jasper. Wanne kati yao walikuwa tayari kwenye orodha ya kusubiri kupandikizwa mapafu ya mtu mwingine. Si mchezo.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Hewa unayovuta inapita kwenye mirija mikubwa, kisha midogo, kisha midogo kabisa kama nyuzi. Kwa wagonjwa hawa, ile midogo kabisa iliungua, ikapata makovu na kuziba. Kovu halirudi kuwa mrija. Mtu anakohoa, anahema akipanda ngazi tatu, na dawa za pumu hazimsaidii kitu. Watu wa huko wakauita “pafu la bisi”.

Wataalamu wa afya kazini wa serikali ya Marekani wakaenda kupima. Wakawakuta wafanyakazi wa kiwanda wana matatizo ya kuziba njia ya hewa mara tatu na zaidi ya ilivyotarajiwa kwa watu wa kawaida. Walioumia zaidi ni waliokuwa wakichanganya ladha ya siagi kwenye mafuta ya moto, katika matangi makubwa. Mvuke uliopanda ulikuwa na kemikali inayoitwa daiasetili.

Sasa usishtuke. Daiasetili imo hata ndani ya siagi ya kweli, kidogo sana, na ndiyo inayoipa harufu yake tamu. Kuila kiasi hicho hakujaonyesha kuleta shida. Shida ilikuwa kuivuta puani, nyingi, kila siku, kazini. Mapafu si tumbo. Tumbo lina tindikali na limezoea vurugu. Mapafu ni ngozi laini kuliko karatasi.

Lakini kuna kundi moja pale kiwandani lililonifanya nisome mara mbili. Hawa hawakuchanganya chochote. Kazi yao ilikuwa kukagua ubora: wanachukua pakti, wanapika kwenye maikrowevu, wanafungua, wanaangalia. Kila mmoja alikuwa akipika pakti kama 100 kwa zamu moja. Kati ya wakaguzi 6 waliopimwa, 5 walikutwa na njia za hewa zilizoziba. Yaani walichokuwa wakifanya ni kile kile unachofanya wewe jikoni, ila mara 100 kwa siku.

NA MLAJI WA NYUMBANI JE?

Mwaka 2007 daktari wa magonjwa ya mapafu wa Denver, Marekani, aliiandikia mamlaka ya chakula ya nchi hiyo kuhusu mgonjwa wake mmoja. Huyu hakuwahi kufanya kazi kiwandani. Alikuwa anapenda bisi za siagi, akila pakti mbili au zaidi karibu kila siku kwa miaka mingi, na alikuwa na tabia ya kufungua mfuko ukiwa moto na kuvuta ule mvuke kwa raha zake. Mapafu yake yalionyesha dalili zinazofanana na za wale wa kiwandani.

Mwaka huo huo makampuni makubwa ya bisi ya Marekani yakatangaza kuiondoa daiasetili kwenye bisi zao. Hata hivyo baadhi ya watengenezaji wa ladha waliweka kemikali nyingine ya ukoo huo huo badala yake, nayo ikaharibu njia za hewa za panya wa maabara. Kwa hiyo maneno “haina daiasetili” kwenye pakti hayamaanishi kwamba mvuke wake ni hewa ya Mlima Rungwe.

Unaona tofauti ya kiasi? Mtu mmoja wa pakti mbili kila siku kwa miaka, dhidi ya mamilioni waliokula bila kupata ugonjwa huo. Mwenye kikaratasi cha Iringa, hutakufa kwa bisi za baba mdogo. Ila ukitoa mfuko, uache upoe dakika moja mbili, fungua dirisha, halafu ufungue mfuko mdomo wake ukiwa umeelekea kule, si usoni kwako. Hata bila kemikali yoyote mvuke ule unaunguza, na nimeona mtu aliyebabuka kidevu.

MFUKO NAO UNA KESI YAKE

Umewahi kujiuliza kwa nini ule mfuko wa karatasi haulowi mafuta wakati gazeti la maandazi linalowa mara moja? Kwa miaka mingi karatasi hizo zilipakwa kemikali za kundi la PFAS, zinazozuia mafuta na maji. Ubaya wake ni kwamba hazivunjiki upesi, wala ardhini wala mwilini. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliochambua damu ya watu wapatao 10,000 waliona kuwa waliokula bisi za maikrowevu mara nyingi walikuwa na kemikali hizo nyingi zaidi. Na mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka mojawapo, PFOA, kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Denmark ilipiga marufuku karatasi za chakula zenye PFAS mwaka 2020. Mwaka 2024 mamlaka ya chakula ya Marekani ikatangaza kuwa karatasi za aina hiyo haziuzwi tena nchini humo kwa ajili ya chakula. Safi. Lakini pakti iliyokaa dukani kwetu inaweza kuwa imetoka popote. Ushauri wangu ni wa bei rahisi: nunua mahindi ya bisi sokoni, weka mafuta kijiko kimoja viwili kwenye sufuria, funika. Hakuna mfuko, hakuna ladha ya kiwandani, na hela inabaki mfukoni.

SASA TUHAMIE KWENYE SUFURIA YETU

Hapo ndipo wenzangu wengi wanasimama: “Kumbe za sufuria ni salama, poa!” Ngoja kwanza. Umeyaangalia hayo mahindi?

Mahindi yaliyonyeshewa shambani, au yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka, yanaota ukungu. Aina fulani za ukungu zinatoa sumukuvu. Sumu hii haina ladha na haina harufu, na mbaya zaidi, joto la sufuria halitoshi kuimaliza. Linaua ukungu wenyewe lakini sumu nyingi inabaki.

Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu aina ya aflatoksini. Macho yaligeuka njano, matumbo yakavimba, wakatapika. Watu 20 walifariki. Wenzetu wa mashariki mwa Kenya, huko Makueni na Kitui, yaliwakuta mwaka 2004: wagonjwa 317, waliofariki 125. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka anajiweka kwenye hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo inapanda zaidi kama ana virusi vya homa ya ini aina B.

Utasema Mbeya na Iringa ni baridi, hayo ni mambo ya Dodoma. Nusu ni kweli. Ukungu wa aflatoksini unapenda joto. Lakini uko mwingine unaoota hata kwenye maeneo yasiyo na joto kali hivyo, ule unaoacha utando mweupe au wa pinki kwenye gunzi. Huo unatoa fumonisini, inayohusishwa na saratani ya umio, ule mrija wa kupitisha chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipima sampuli 120 za mahindi kutoka vijiji vya Iringa, Kilimanjaro, Ruvuma na Tabora. Zaidi ya nusu zilikuwa na fumonisini, na asilimia 18 zilikuwa na aflatoksini.

Kwa hiyo kabla ya kumimina kwenye sufuria, mwaga mahindi kwenye ungo. Toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye rangi ya kijani, nyeusi au pinki. Tupa, usione huruma. Na usimpe kuku wala usiyapeleke kwenye pombe kama wafanyavyo wengi: sumu haipotei kwa kubadilisha njia. Ng'ombe akila chakula chenye aflatoksini, sehemu yake unakuja kuinywa kwenye maziwa.

Kama nyumbani mmevuna wenyewe, fanya jaribio hili, hata mwalimu wa Biolojia atalipenda. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Weka mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika chache, kisha uache kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani, juu ya turubai na si kwenye udongo mtupu. Isipoganda, yamekauka vya kutosha kuhifadhiwa kwenye mfuko mzuri.

MENGINE MAWILI HARAKA HARAKA

Mnaokaa geto, hasa Mafinga na Uyole kipindi kile cha baridi ya Juni na Julai: msipikie bisi kwenye jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, halafu mkalala nalo ili chumba kipate joto. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasinzia na haamki. Tukiongelea mapafu, hili linanitisha kuliko pakti zote za Marekani.

La pili ni wadogo zetu. Mtoto chini ya miaka 4 asipewe bisi kabisa, za pakti wala za sufuria. Punje isiyopasuka, au ganda lake, inaingia kirahisi kwenye njia yake ya hewa. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja akikabwa na hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele, mpige makofi matano ya nguvu katikati ya mabega kwa kiganja. Kisichotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara tano, rudia zote mbili, na mtu mwingine akimbie kutafuta usafiri wa hospitali.

Nilirudi Iringa na majibu haya wiki iliyofuata. Mwenye kikaratasi hakujitokeza, ila baada ya kipindi binti mmoja alinifuata mlangoni akaniuliza kama punje zisizopasuka zinazobaki chini ya sufuria zina sumu. Nikamwambia hapana, hizo mara nyingi zimekosa maji ya kutosha au ganda lake lina ufa. Usizitafune tu, zitakuvunja jino.