Tiba ya Jeni kwa Ubongo: Matumaini Yaliyo Mizanini

Miongoni mwa maradhi yanayozitia jamaa hofu, machache yanaupita ugonjwa wa Huntington. Ugonjwa huu hurithiwa: mzazi akiwa nao, kila mtoto wake, wa kiume kwa wa kike, ana nafasi moja katika mbili ya kuupata. Kwa kawaida hujitokeza kati ya umri wa miaka 30 na 50, wakati mtu anapolea watoto na kubeba majukumu. Viungo huanza kuchezacheza vyenyewe, fikira hufifia, tabia hubadilika, na baada ya miaka 15 hadi 20 hivi mgonjwa hufariki. Dawa zinazotumika hutuliza dalili tu.

Mwaka 1993 wataalamu waliigundua jeni, yaani kile kitu cha urithi, iletayo maradhi hayo. Utafiti wao ulisaidiwa sana na jamaa zinazoishi kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako wagonjwa ni wengi mno. Jeni hiyo yenye kasoro huufanya mwili utengeneze protini mbovu, nayo huziua seli za ubongo kidogo kidogo. Tangu hapo swali limekuwa moja: je, yawezekana kuinyamazisha?

MCHUKUZI NDANI YA UBONGO

Kampuni ya uniQure, yenye ofisi Amsterdam, Uholanzi, na Lexington, Marekani, ni miongoni mwa waliojaribu kulijibu swali hilo. Tiba yake, iitwayo AMT-130, hutumia kirusi kisicholeta ugonjwa kuwa mchukuzi. Ndani yake hutiwa maagizo ya kupunguza protini ile mbovu. Tabibu hutoboa fuvu na kupitisha mirija myembamba hadi katikati ya ubongo. Upasuaji huo huchukua saa 12 hadi 18, na hufanywa mara moja tu.

Hapo ndipo lilipo shaka la kwanza. Kidonge kikimdhuru mgonjwa huachwa, lakini kilichokwisha kupandwa ubongoni hakitolewi tena. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilisimamisha kwa muda utoaji wa kipimo kikubwa cha dawa baada ya baadhi ya wagonjwa kupatwa na madhara makali, ikaendelea baada ya uchunguzi.

Shaka la pili limo katika wazo lenyewe. Mwaka 2021 kampuni ya Roche ilisimamisha utoaji wa dawa yake, tominersen, katika jaribio lililohusisha wagonjwa wapatao 800. Dawa hiyo nayo ilikusudiwa kupunguza protini ile ile, ingawa kwa njia nyingine; lakini wasimamizi huru walipopima manufaa na madhara, hawakuona sababu ya kuendelea.

USHAHIDI NA FEDHA

Mwezi Septemba 2025 uniQure ilitangaza kwamba, baada ya miaka mitatu, waliopewa kipimo kikubwa walikuwa wameendelea kudhoofika kwa mwendo uliopungua kwa asilimia 75. Habari hiyo ilienea duniani, na bei ya hisa za kampuni ikapanda zaidi ya maradufu kwa siku moja. Lakini hesabu hiyo ilitokana na wagonjwa 12 tu, nao walilinganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wengine wasiotibiwa. Mwezi Novemba mwaka huo huo kampuni ilieleza kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani haikuona tena kuwa ulinganisho huo ungetosha kuombea kibali. Bei ya hisa ikaporomoka karibu nusu. Kampuni ya namna hii huishi kwa fedha za wanunuzi wa hisa kwa miaka mingi kabla ya kuuza dawa. Wao wakikata tamaa, utafiti nao hulegea.

Wala kibali si mwisho wa safari. Kampuni hiyo hiyo ilipata kibali cha Ulaya mwaka 2012 kwa tiba ya jeni iitwayo Glybera, ya maradhi adimu ya mafuta katika damu. Bei yake ilikaribia euro milioni moja kwa mgonjwa. Wanunuzi walikuwa haba mno, na mwaka 2017 ikaondolewa sokoni.

FUNZO KWA WENYE WAGONJWA

Haya yote hayana maana kwamba wataalamu wanapoteza wakati. Yana maana kwamba kati ya habari njema na tiba iliyothibitika pana safari ndefu. Asomaye tangazo la dawa mpya na aulize mambo matatu: walitibiwa watu wangapi, walilinganishwa na nani, na walifuatiliwa kwa muda gani?

Nao wanaomwuguza mgonjwa nyumbani wasilegeze matunzo kwa kungojea. Mgonjwa wa Huntington huhitaji chakula kingi kuliko kawaida, kwa kuwa mwili wake hautulii. Na kiwe laini anaposhindwa kumeza vema. Vitu vya kumkwaza viondolewe njiani asianguke. Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao.