Adabu ya Kumgombea Mnyama Mmoja

Novemba 2008 kampuni ya Blizzard iliongeza bara jipya la baridi, Northrend, katika mchezo wake wa mtandaoni, World of Warcraft. Ndani ya bara hilo lipo bonde la msitu mnene liitwalo Sholazar, na humo, kwa nadra sana, hutokea mzimu wa chui: mweupe, mwenye madoa, mwili wake unang'aa na kupitisha nuru. Jina lake ni Loque'nahak. Mchezaji aliyechagua kuwa mwindaji anaweza kumfuga na kutembea naye siku zote atakazocheza. Lakini chui huyo huwa mmoja tu kwa wakati. Akishafugwa au kuuawa, hupita saa kadhaa kabla hajatokea tena, na sehemu anazoweza kutokea ni nyingi, hivyo hakuna ajuaye leo atakuwa kona ipi. Seva moja ina maelfu ya wachezaji, na wawindaji miongoni mwao si haba.

Asiyecheza huweza kushangaa kuona watu wazima wakinuniana kwa ajili ya chui wa kwenye skrini. Ajue kwanza kwamba Loque'nahak hauzwi, habadilishwi, wala mtu hawezi kumpa rafiki yake zawadi. Kila mwindaji humfuga mwenyewe, kwa mkono wake, au hampati kabisa. Fedha za mchezo hazisaidii. Bei yake ni saa za mtu: kulizunguka bonde, kurudi usiku wa manane, kuzima mchezo ukiwa umesimama palepale anapotokea ili kesho ukiwasha uanzie hapo. Anayempora mwenzake mnyama adimu anakula usiku wake wote, na usiku huo haurudishwi na mtu. Ndiyo maana nalichukulia suala hili kwa uzito.

Tazama kwa karibu jinsi anavyofugwa, kwa kanuni za wakati ule. Mwindaji awe ngazi ya 76 au zaidi, awe ameelekeza alama zake za ujuzi kwenye fani ya wanyama, na asiwe na mnyama mwingine. Aliye naye lazima amwache zizini kwanza. Akianza kumfuga, husimama palepale sekunde 20. Hapigi hatua, harushi mshale, huku chui akimrarua na uhai wake ukishuka mbele ya macho yake. Akisogea kidogo tu, kazi imeharibika na inaanza upya. Na katika sekunde hizo 20, mpita njia yeyote anaweza kumfumua chui kwa mishale au kwa moto mpaka afe. Mitambo ya mchezo haimzuii.

Hapo kanuni ya mashine inaishia, na desturi ya wachezaji inaanzia. Shauri la nani alistahili kumpata mnyama halina hakimu. Matusi na kumwandama mtu unaweza kuyaripoti, lakini "kaniibia chui" haliendi mbali. Wachezaji wameachiwa walindane wenyewe. Jambo ambalo wengi wanakubaliana ni hili: mwindaji akishaanza kufuga, wengine wote mikono mbali. Hata kama wewe ulifika bondeni saa nne kabla yake. Hata kama ulikuwa umeondoka kidogo kwenda kula. Unaweza kuumia moyoni, lakini kumuua chui kwa sababu tu umemkosa ni uharibifu mtupu: hata wewe hukupata kitu.

Ugumu upo kabla ya sekunde hizo. Wawindaji wawili wanamwona chui kwa wakati mmoja. Mmoja amengoja tangu jioni, mwingine amepita tu kwenda kwenye shughuli zake. Mimi naona aliyengoja apewe nafasi, mradi aseme. Sentensi moja kwenye chati, "namngojea huyu, naomba", inatosha kabisa, na nimeona watu wengi wakiiheshimu kuliko wasiocheza wanavyodhani. Anayekaa kimya halafu akalalamika baadaye amejinyima haki yake mwenyewe.

Kuna pia wanaomshikilia mnyama kwa ajili ya rafiki. Mwindaji ambaye tayari anaye Loque'nahak anampata tena, anamkimbiza huku na huku asiuawe wala asifugwe, akimsubiri mwenzake wa chama atoke mbali. Kama bonde ni tupu, huo ni wema mkubwa, na urafiki mwingi umejengwa hivyo. Kama yupo mwindaji mwingine amesimama hapo kwa mikono mitupu, mambo yanabadilika. Kwenye foleni ya bomba la maji, ndoo ya jirani aliyeingia ndani mara moja inaheshimiwa. Ya mtu ambaye bado yuko mtaa wa pili inasogezwa kando. Aliyepo amtangulie asiyekuwepo.

Halafu kuna mgogoro ambao haukuletwa na ubaya wa mtu yeyote. Mchezo huo una tuzo iitwayo Frostbitten, ambayo humtaka mchezaji aue viumbe adimu 23 wa Northrend. Loque'nahak yumo kwenye orodha hiyo. Yumo pia King Krush, mjusi mkubwa wa Sholazar ambaye wawindaji nao wanamtaka. Basi mmoja anamhitaji akiwa hai, mwingine anamhitaji maiti, na wote wawili wametumia saa zao kihalali. Wawindaji wengi hudai kwamba wao wana haki zaidi kwa kuwa wanampenda mnyama. Sikubaliani nao. Upendo haupimiki kwenye skrini, na aliyebakiza mmoja kati ya 23 ana hamu yake pia. Hapa atangulie aliyefika kwanza, na anayefuata aahidiwe kuitwa safari ijayo. Ahadi hiyo itimizwe kweli. Kwenye seva, jina la mwongo husambaa haraka.

Kusema kwenyewe si rahisi sikuzote. Wachezaji wa mchezo huu wamegawanyika pande mbili, Alliance na Horde, na maneno ya upande mmoja humfikia wa upande wa pili yakiwa yamevurugwa, hayasomeki. Kinachobaki ni ishara: kupunga mkono, kuinama, kumwonyesha mnyama kwa kidole. Kwenye seva zinazoruhusu pande hizo kuuana, kuinama mbele ya adui aliye katikati ya kufuga, kisha kusimama kando mpaka amalize, ni heshima ambayo mtu haisahau.

Wapo wanaosema adabu zote hizi ni za nini, aliye mwepesi ampate. Hoja hiyo ingesimama kama wepesi ungekuwa wa vidole peke yake. Mwaka 2008 intaneti ya Afrika Mashariki ilipita kwenye satelaiti, na amri ya mchezaji ilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM uliwashwa, ukifika Mombasa na Dar es Salaam, na hali ikabadilika sana. Hata hivyo, anayecheza kwenye seva za Ulaya akiwa Dar bado yuko nyuma ya mwenzake aliye Paris, kwa sababu ya umbali tu. Chati haijali umbali huo: ombi lililochelewa kidogo bado linasomeka.

Watengenezaji wenyewe wameliona tatizo. Mwaka 2012 Blizzard ilileta aina nyingine ya wanyama, wadogo, wa kupambanishwa. Ukimkabili mmoja porini, mnapambana ninyi wawili peke yenu na hakuna wa kukuingilia. Unampunguza nguvu hadi chini ya asilimia 35, kisha unarusha mtego. Wengi wao hata kuuzwa wanauzika. Kwa viumbe adimu wa kuuawa, nako mambo yamelegea: siku hizi wengi wanaweza kumpiga kiumbe mmoja na kila mtu akapata stahili yake. Wawindaji wa wanyama wa kufugwa ndio waliobaki na mnyama mmoja kwa mtu mmoja.

Kwao, jambo moja dogo lina thamani kuliko pole yoyote. Ukishamfuga, mwambie uliyemwacha akingoja saa kamili uliyompata. Hesabu ya kutokea tena inaanzia hapo, na ukimpa saa hiyo anaweza kwenda kulala na kujua arudi lini.